Shilingi 18 za saa nane usiku

Kompyuta ya mezani iliyowashwa bila kazi nzito hula wati 50 hivi. Saa moja ya ulaji huo ni sehemu ya 20 ya yuniti. Yuniti kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, kwa bei iliyowekwa mwaka 2016, ni shilingi 292. Weka juu yake VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, unafika 356. Kwa hiyo saa nzima ya kunakili kumbukumbu za ofisi usiku inagharimu shilingi 18. Pipi ya dukani ni ghali kuliko hapo.

Naanza na shilingi 18 kwa sababu ofisi moja niliyoihudumia Makanya ilizilipa kila usiku kwa karibu miezi mitatu, na zaidi ya nusu ya muda huo haikupata kitu. Mkosaji nilikuwa mimi. Jina la ofisi naliacha.

Anayepita na basi la Dar es Salaam kwenda Arusha huiona Makanya kwa dakika chache tu: mkonge, vumbi jeupe la jasi, reli ya Tanga kwenda Moshi, na Milima ya Upare ikiwa imesimama kama ukuta nyuma ya tambarare. Jasi hiyo ndiyo inayokwenda kwenye viwanda vya saruji. Bila jasi kidogo ndani yake, saruji hushika haraka mno, fundi hawahi hata kuisambaza. Katika ofisi hiyo lori linapanda mizani likiwa tupu, linarudi likiwa na mzigo, karani anabonyeza, tiketi inatoka. Kamera inapiga picha 4. Nyuma ya chumba cha karani kuna kisanduku cha diski kilichounganishwa kwa waya wa mtandao, ambacho kila mtu ofisini anakiita draivu Z.

Tuweke hesabu ya ofisi ya namna hiyo mezani. Malori 30 kwa siku, picha 4 kwa kila lori, kila picha nusu megabaiti: megabaiti 60. Kanzidata ya mizani, ambayo hunakiliwa nzima kila siku, tuseme ni megabaiti 240. Jumla megabaiti 300 kwa siku, ambazo zinaenea kwenye flashi ya bei ndogo kuliko zote sokoni Same. Picha peke yake, kwa siku 300 za kazi, ni gigabaiti 18 kwa mwaka. Miaka miwili na kitu, folda nzima imefika gigabaiti 40. Ofisi ndogo haijawahi kushindwa na ukubwa wa data. Hushindwa na mambo mengine.

Asubuhi moja diski ya kompyuta ya mizani ilianza kugonga, tik, tik, tik, ikanyamaza. Karani akanipigia simu akiwa mtulivu kabisa.

“Fundi, wala usikimbie. Bakapu ipo. Niko kwenye kompyuta ya bosi, Z naiona, nikibofya inafunguka.”

“Dada, nisomee tarehe ya faili la mwisho.”

Kimya. Nikasikia lori likipiga honi huko nje.

“Hii mbona ya mwezi juzi?”

Nilipofika nilihesabu siku kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, kutoka siku niliyofungua akaunti ya bakapu hadi tarehe ya faili la mwisho. Zilikuwa 42. Namba hiyo inapaswa kumshtua fundi yeyote wa Windows: ndio umri wa juu wa nywila ambao mfumo huweka wenyewe usipoambiwa vinginevyo. Akaunti nilikuwa nimeifungua kwa amri, haraka haraka, bila kuweka alama kwamba nywila yake isiishe muda. Binadamu nywila yake ikiisha muda, skrini humwambia abadilishe, naye hulalamika kidogo kisha akabadilisha. Akaunti ya bakapu haina macho wala mdomo. Usiku wa 43 ilikataliwa mlangoni, na usiku wa 44, na nyingine zilizofuata, jumla zikawa usiku 47. Kila mara mfumo uliandika namba ya kosa mahali ambapo hakuna mtu anayefungua.

Gharama yake ni hii. Ndani ya siku hizo kulikuwa na siku 40 za kazi. Malori 30 mara 40 ni tiketi 1,200. Kuchapa upya tiketi moja kutoka kwenye kishina cha karatasi, ukiwa na mkono mwepesi, ni dakika 3. Jumla dakika 3,600, yaani saa 60, yaani siku saba na nusu za karani mmoja asiyefanya jambo jingine. Kwa posho ya shilingi 15,000 kwa siku ni shilingi 112,500. Hiyo ndiyo sehemu nafuu. Tiketi hizo huchapwa kwa joto, kwenye karatasi kama ya risiti za EFD, na karatasi hiyo ikikaa kwenye joto maandishi hufifia. Na Makanya joto si la kuomba. Zikiwa zimefifia mbili tu katika kila mia, ni tiketi 24. Lori la tani 30 mara 24 ni tani 720 za jasi zilizotoka getini bila ushahidi. Bei ya tani jaza mwenyewe. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zako zikae miaka 5. Haina kifungu cha karatasi iliyofifia.

Tugawanye 112,500 kwa 18. Posho ya kuchapa upya peke yake ingelipia usiku 6,250 wa umeme wa bakapu. Ni miaka 17.

Swali ambalo kila karani huuliza, na kila fundi mchanga hulijibu vibaya, ni hili: mbona nikinakili kwa mkono inakubali? Inakubali kwa sababu wewe upo. Ulipoingia asubuhi kwa jina lako, Windows ilikuunganishia Z. Herufi hiyo ni ya kikao chako, si ya kompyuta. Kazi ya ratiba iliyoamriwa iende hata kama hakuna mtu aliyeingia hufunguliwa kikao chake pembeni, bila skrini na bila Z. Inaitafuta, inaikosa, inarudisha kosa namba 3: njia haipo. Dawa yake ni bure. Badala ya kuandika Z:\bakapu, andika anwani kamili, \\seva\bakapu.

Wengine wakikwama hapo huipa kazi akaunti ya SYSTEM, maana jina lenyewe linatisha. Ndani ya kompyuta yake SYSTEM ni mkubwa kweli. Ikitoka kwenda kugonga mlango wa mashine nyingine, katika ofisi ndogo isiyo na seva ya kusimamia majina ya wote, haina kitambulisho kinachotambulika huko. Ni mwenyekiti wa kitongoji aliyepeleka mhuri wake wilaya ya jirani. Anarudishwa na kosa namba 5: huna ruhusa. Halafu kuna kile kiboksi cha tiki kinachosema nywila isihifadhiwe. Fundi mwenye hofu ya wezi hukiwekea tiki akiona amefanya la maana, asisome maneno yaliyo pembeni, kwamba kazi hiyo sasa itafikia vitu vya kompyuta hii tu. Kwa tiki moja ameufunga mtandao wote.

Namba nyingine za kubandika ukutani hazizidi tano. Kosa 53, mashine ya pili haionekani: imezimwa, waya umechomoka, au jina limekosewa. Kosa 1326, jina au nywila si sahihi, na Task Scheduler, programu ya Windows ya kuendesha kazi za ratiba, hupenda kuliandika kwa kilemba, 0x8007052E. Kosa 1330, nywila imeisha muda. Hilo ndilo langu. Kosa 112, diski imejaa. Kosa 32, faili limeshikwa na programu nyingine.

Kosa 32 linastahili tukae nalo kidogo, kwa sababu lina hesabu ya kuchekesha. Robocopy, programu ya kunakili inayokuja na Windows, ikikuta faili limefunguliwa haikati tamaa. Ukiiacha na mipangilio yake, hujaribu tena mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio. Zidisha: sekunde 30,000,000, yaani siku 347, kwa faili moja. Wakati huo Task Scheduler nayo ina desturi zake mbili: haianzishi kazi ya pili ikiwa ya kwanza haijaisha, na huiua kazi iliyozidi siku 3. Kwa hiyo karani akisahau kufunga programu ya mizani Jumatatu, nayo ikabaki wazi, kazi hukaa inasubiri Jumanne na Jumatano pia, huku skrini ikisema kwa fahari kwamba inaendelea. Kwenye amri ongeza /R:3 /W:10, ijaribu mara 3 kwa mapumziko ya sekunde 10, iseme imeshindwa. Kazi inayoshindwa kwa sauti ni nafuu.

Hata majibu ya mwisho yana mtego. Kwa programu nyingi 0 ni salama na 1 ni kosa. Kwa robocopy 0 maana yake hakuna kilichobadilika kwa hiyo haikunakili kitu, na 1 maana yake imenakili vizuri; balaa huanza kwenye 8. Nimeshamwona fundi akihangaika siku nzima kutibu namba 1 iliyokuwa nzima. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukiweka chini ya amri ya kunakili amri nyingine inayofaulu, tuseme ya kuandika tarehe kwenye faili, jibu linaloonekana asubuhi linaweza kuwa la huyo wa mwisho. Nakala imeshindwa, tarehe imeandikwa, kila mtu ana furaha.

Na saa. Sijui ni mara ngapi nimekuta kazi ya “saa nane usiku” imewekwa 8:00 kwenye kompyuta. Saa nane yetu ya usiku ni 2:00 ya mashine. Ile 8:00 ni saa mbili, asubuhi malori yamejipanga au usiku mlinzi ameshakata swichi kuu kwa kuogopa radi. Kwa seva zilizoko nje ni vurugu jingine, kwa sababu nyingi huhesabu saa ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa 3: ukitaka saa nane usiku ya Makanya, huko unaandika 23:00, tena ya siku iliyotangulia.

Mlinzi na swichi kuu ndio walionifanya nibadilishe msimamo wangu juu ya jambo zima. Task Scheduler ina uwezo wa kuamsha kompyuta iliyolala. Iliyokatiwa umeme ukutani haiamshwi na programu. Kazi ikikosa saa yake, haifidii siku inayofuata mpaka uweke tiki inayosema ifidiwe, na tiki hiyo haiwekwi yenyewe. Kwenye kompyuta ya mkononi kazi hukataa kuanza ikiwa haiko kwenye umeme, na hilo ndilo lililowekwa tangu mwanzo. Saa nane usiku ni saa ya watu wenye seva zisizolala, jenereta linaloshika lenyewe na mtu wa zamu. Sisi tuliiokota kwenye vitabu vyao tukaileta tambarare ya Upare kama ilivyo.

Tena saa hiyo haina sababu ya kimahesabu. Swichi ya kawaida ya mtandao, ya megabiti 100, hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde. Gigabaiti 40 zote huchukua saa moja hivi, lakini hizo hunakiliwa mara ya kwanza tu. Megabaiti 300 za siku huchukua sekunde 27. Karani anafunga programu ya mizani, anafunga droo, anatafuta mkoba. Kazi imekwisha kabla hajaupata.

Atakayesema tupeleke kila kitu intaneti na tumalize, naye apige hesabu. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, megabaiti 300 ni dakika 8, jambo jema. Gigabaiti 40 ni saa 17 na dakika 47. Siku ya balaa, unapozihitaji zote zirudi kwa kasi kama hiyo, utakaa ukitazama mstari wa kijani ukitambaa. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Nakala ya nje iwepo, lakini isiwe peke yake.

Nafasi nayo huisha kimyakimya. Diski inayouzwa kwa jina la terabaiti 1 Windows huisoma gigabaiti 931. Ukinakili gigabaiti 40 nzima kila siku kwenye folda mpya, zinaingia siku 23. Siku ya 24 ni kosa 112, na kwa kuwa kila kitu kilikwenda vizuri wiki tatu, hakuna anayetazama tena.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya ofisi za vumbi. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu wa dunia nzima, mhandisi wake alifuta kanzidata hai kwa bahati mbaya. Walikuwa na njia tano za kujikinga. Hakuna iliyokuwa inafanya kazi inavyotakiwa. Nakala ya kila siku ilikuwa inagoma kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo 9.2 na kanzidata toleo 9.6. Barua pepe za kutangaza kosa zilitumwa kweli, ila zilikataliwa zikiwa njiani kwa kukosa saini inayotakiwa. Waliokolewa na picha ya mfumo ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kosa lao na langu ni moja, tofauti ni sifuri tu zilizo nyuma ya namba.

Kwa upande wa ruhusa, mfano ninaowapa vijana ni wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, Desemba 2021. Huko kazi ya ratiba ilikuwa na ruhusa nyingi kupita ilichotumwa. Programu ndogo ya kusafisha kumbukumbu za zamani ilibadilishwa ikiwa katikati ya kukimbia, ikapoteza jina la folda iliyotakiwa kusafisha, ikasafisha data za watafiti: terabaiti 77, mafaili kama milioni 34, za vikundi 14. Wewe unaweza kuipata Kyoto yako kwa herufi tatu. Robocopy ikiambiwa /MIR hufanya kule kufanane na huku, hata kwa kufuta. Huku kukiwa kutupu, na kule kutakuwa kutupu.

Folda ya mtandao ina milango miwili: wa kushirikisha, na wa mafaili yenyewe. Ule ulio mkali zaidi ndio wenye neno la mwisho. Fundi aliyechoka hufungua mmoja, akagongwa na wa pili, akaona isiwe taabu, akampa Everyone kila kitu kwenye yote miwili. Kosa 5 linaondoka, anapewa soda. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi kama 150 kikitumia mlango wa zamani wa kushirikisha mafaili, SMB1, ambao Windows mpya za tangu mwishoni mwa mwaka huo haziji nao. Virusi vya aina hiyo hufunga kwa ufunguo wa siri kila folda vinayoweza kuandika. Bakapu ambayo kila mtu anaweza kuiandika hufungwa pamoja na asili yake, siku moja. Akaunti moja iandike, bosi asome, wengine wasiione. Na kwa kuwa kwenye tiketi kuna majina na namba za simu za madereva, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uzilinde hivyo hivyo.

Kule juu milimani Wapare wana ndiva. Maji ya kijito hukusanywa bwawani usiku watu wakiwa wamelala, na asubuhi mwenye zamu anafungua, maji yanashuka mfereji hadi shambani kwake. Ni kazi ya ratiba yenye ruhusa zake, ya kale kuliko kompyuta zote. Lakini mwenye zamu hulitazama bwawa kabla ya kulifungua. Kina kikiwa kimepungua ataanza kuufuata mfereji kwenda juu kutafuta palipobomoka, hatangoja mahindi yamwambie.

Ofisini Makanya tuliliweka hilo kwa peni. Kazi sasa inakwenda saa kumi na moja na nusu jioni, programu ya mizani ikiwa imefungwa, kwa akaunti isiyo na ruhusa kwingine na ambayo nywila yake haiishi muda. Kabla ya kutoka, karani anafungua folda, anasoma tarehe ya faili la mwisho na ukubwa wake, anaviandika kwenye kitabu cha vishina, anatia saini. Anatumia kama nusu dakika. Kila mwisho wa mwezi mimi nachagua tiketi moja ya zamani na kuirudisha kutoka kwenye nakala, tuione kwenye skrini ikiwa na picha zake 4. Mara ya mwisho nilipokipekua kile kitabu, siku mbili hazikuwa na saini. Siku zote mbili umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi, na karani alikuwa ameandika hivyo.